Santuri za Upande wa Pili wa Ukuta

Maalim wetu wa duksi, chuo chetu cha Kurani, alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuna aliyewahi kuung'oa: kwamba yeye hasikii muziki. Hakusema haupendi. Alisema hausikii kabisa. Mtu akimwuliza habari ya gramafoni ya nyumbani kwetu, alikuwa akiguna, anapitisha mkono kwenye ndevu zake zilizopakwa hina, anasema, "Gramafoni gani?" Na duksi yake na chumba cha kaka yangu, penye hiyo gramafoni, vilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo ambao hata panya walikuwa wameutoboa.

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake. Kwetu Garissa mtu akitajwa, swali la kwanza ni huyo ni wa nani, na jibu huchukua muda mpaka chai ichemke na kumwagika. Maalim alifundisha watoto wa koo zote, na fimbo yake haikuuliza mtu ukoo. Nitamweleza nilivyomjua: kwa sauti yake iliyotoka upande ule wa ukuta, na sauti zetu zilizokwenda upande wake.

Niseme pia kwamba mazungumzo ya nyumbani yalikuwa ya Kisomali, na nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiswahili ndicho nilichofundishwa na zile santuri. Hilo nalo nitalieleza.

Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wa lori. Baba alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo kaka ndiye aliyekuwa baba, na alikuwa baba mchangamfu kupita kiasi. Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili alishusha kutoka kwenye lori magunia ya sukari ya mwenye mali, kisha akashusha sanduku lililofungwa kwa blanketi. Mama akadhani ni cherehani. Kaka alipolifungua na kuzungusha mkono wa gramafoni, na mwanamke wa Mombasa akaanza kuimba chumbani mwetu, mama alijifunika uso kwa shuka akacheka mpaka akakaa chini.

Santuri hazikuwa nyingi na kila moja tuliipa jina. Kulikuwa na ya Tausi, nyimbo za Kihindi zenye vilio virefu. Kulikuwa na ya Wakongo, ambayo hatukuelewa neno hata moja lakini ilikufanya ufagie ua haraka. Kulikuwa na sahani kubwa ya taarabu ambayo niliipenda kuliko chakula. Nilijifunza kwayo Kiswahili chote nilichokuwa nacho, nikafikiri ndivyo watu wanavyosemezana huko kwao. Mwalimu wa shule ya serikali, kijana mpole kutoka bara, alipoanza kutufundisha, nilisimama siku ya pili nikamwambia kwa adabu zote, "Mwalimu muhibu, ewe tulizo la moyo, usinitese, nipe chaki." Chaki ilimponyoka. Kwa wiki nzima hakuthubutu kuniuliza swali, nami nilikuwa nikijiona bingwa wa lugha.

Habari hiyo ilimfikia Maalim, maana hakuna habari ambayo haikumfikia. Aliniita, mimi msichana, mbele ya darasa zima la duksi. Nilidhani nitachapwa. Akaniambia, "Wewe umesoma Kiswahili kwa kusikiliza tu, bila kitabu, bila fimbo?" Nikasema ndiyo. Akawageukia wavulana. "Mnaona? Huyu masikio yake yanafanya kazi." Kisha akakumbuka masikio yangu yalikuwa yakisikiliza nini, akanitimua nikae chini.

Masikio ndiyo yaliyokuwa fahari yake. Hebu fikiria chumba chenye watoto wengi kuliko hewa, kila mmoja na loho yake, ule ubao tulioandikia aya kwa wino wa makaa na gundi ya mgunga, na kila mmoja anasoma aya yake kwa sauti ya juu. Kelele tupu. Maalim alikuwa amelala ubavu, macho kayafumba, mkononi kikombe cha chai chenye sukari ya kusimamisha kijiko. Katikati ya kelele hizo alinyanyua kidole. "Wewe wa karibu na mlango. Umefupisha pale pa kuvuta. Rudia." Na kweli mtoto alikuwa amefupisha.

Rudia. Hilo ndilo neno lake. Nikimwota hata leo analisema. Hakuwa mtu wa kueleza kosa wala kubembeleza. Alisema rudia, na ukikosea tena alisema rudia, na ulipopatia hakusema vizuri, bali alinyamaza, na ule unyamavu wake tuliupenda kuliko peremende.

Sasa mtu mwenye masikio hayo alikuwa akituambia kwamba wimbo wa kukata na shoka, nyuma ya ukuta wenye matundu, haumfikii. Kaka alikuwa akimtania kwa njia yake. Gramafoni ya kuzungusha, springi yake ikiisha nguvu, wimbo hulegea na mwimbaji huanza kunguruma kama mwenye usingizi. Kaka alikuwa akiiacha ilegee makusudi. Tukatega masikio. Kutoka upande wa pili kikohozi kilikuja, kimoja, kikavu. Kaka akazungusha mkono, wimbo ukanyooka, na kikohozi hakikurudi. Tulifanya hivyo mara nyingi mno hata isiweze kuwa bahati.

Na kuna siku sindano ilikwama kwenye mkwaruzo wa ile ya Wakongo, mwimbaji akabaki anasema kipande kilekile, kilekile. Maalim alikuwa na kundi la wavulana wavivu siku hiyo. Tulimsikia akipaza sauti: "Mnamsikia yule? Hana dini, hana kitabu, na bado anarudia kuliko nyinyi!" Mvulana mmoja asiyejua kujilinda akauliza, "Kumbe unasikia, Maalim?" Fimbo tuliisikia vizuri sana.

Alikuwa na majivuno, tusimfiche. Alipaka manukato mpaka ulijua amepita barabarani hata saa moja baada ya yeye kupita. Kanzu yake ilipigwa pasi hata wakati ambapo makaa hayakupatikana. Samaki alimdharau kama tunavyomdharau sisi watu wa ngamia. Mto Tana uko pale, hatua chache, naye alisema mtu anayekula kitu kisicho na sauti mwishowe hukosa la kusema. Na alikuwa mkaidi kuliko punda wa kubeba maji. Akishakwambia jambo halipo, hata ukimgonga nalo kichwani halipo.

Lakini jambo lililokuwa kati yake na kaka yangu halikuwa la utani. Kaka alikuwa mwanafunzi wake bora wa miaka yote. Alihitimu Kurani akiwa bado hajaota ndevu, na sauti yake ilikuwa ikiwafanya wapita njia wasimamishe mikokoteni. Maalim alikuwa amemwandalia mkeka wake mwenyewe, amrithi. Kaka akaurudisha mkeka na kununua kaban, ile ala ya nyuzi tunayopigia nyimbo zetu. Kwa mwaka mzima salamu yao ilikuwa salamu tu, asalaam aleikum, waleikum salaam, kila mtu na njia yake.

Kisha kaka akaleta santuri yake mwenyewe. Ndogo, ya wimbo mmoja, yenye karatasi nyeupe katikati ambapo jina lake lilipigwa chapa. Alikuwa ameimba Nairobi, kwenye chumba cha nyuma cha duka fulani, yeye na kaban na mtu mmoja wa kupiga debe kama ngoma. Alitunga maneno mwenyewe njiani, akiendesha lori. Ulikuwa wimbo wa dereva anayesema na barabara:

*Barabara, mchanga wako nimeula pamoja na mkate,*
*hujanishibisha, wala hujaniacha niende.*

Tulipouweka mara ya kwanza, duksi ilikuwa imejaa. Kelele za kusoma zilianza kupungua, moja moja, mpaka upande ule ukawa kimya. Hakuna aliyesema rudia. Wimbo ulipoisha tukamsikia Maalim akiwaambia watoto waende nyumbani, na haikuwa hata adhuhuri.

Kesho yake alikuja kwetu, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mama akamtilia chai. Akaishika bila kunywa. "Huyu mtoto wako," akasema, "amejifunza wapi kuvuta pumzi ndefu vile?"

"Kwako," mama akajibu.

Maalim akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa, sukari yote ile, akaenda zake. Mimi nilikuwa nikichuja maziwa pale pembeni na nikaona macho yake. Nilimpenda kuanzia siku ile, na kabla ya hapo nilikuwa nikimwogopa tu.

Hakubadilisha msimamo, la hasha. Lakini baada ya hapo nilikuwa siku moja naandika loho yangu huku nikiuimba wimbo wa kaka chini kwa chini. Nilidhani nimemeza sauti. Akainama sikioni mwangu. "Umeruka mstari," akanong'ona. "Ukitaka kufanya dhambi, ifanye sawasawa. Rudia." Nikarudia, na mstari niliouruka nikautia mahali pake. Akaninyamazia.

Haya yote yalikuwa wakati wa vita. Nimechelewa kuvitaja kwa sababu ujana wangu haukungoja vita viishe ndipo uanze. Uhuru ulipokuja, sehemu yetu ilitaka kwenda na ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka, serikali ikakataa, watu wakaingia porini na bunduki. Waliitwa shifta, na baada ya muda sote tuliitwa shifta, hata wauza maziwa. Kukawa na kafyu. Kukawa na vizuizi barabarani ambapo kaka alisimama nusu siku akishusha mizigo ili ikaguliwe na kuipandisha tena. Ngamia walipigwa risasi, visima vikafungwa, watu wa porini wakaletwa kukaa ndani ya seng'enge.

Maalim aliwaudhi wote sawasawa. Maiti wa msituni akiletwa, kijana ambaye jamaa zake waliogopa hata kumkubali, Maalim alimwosha na kumsalia. Askari Mwislamu wa pwani alipouawa na watu wetu wakakataa kumgusa, Maalim alikuja na birika lake, akamwosha vilevile. Wazee wakamwita kikaoni, wakamwuliza yuko upande gani. Akawajibu, "Upande wa maji," akawauliza kama kuna swali jingine kwani ana watoto wanasubiri. Wakampisha.

Sasa nifike kwenye siku ya msako.

Tangazo lilikuwa limetolewa barazani kwamba nyimbo za Kisomali za kutoka ng'ambo ni za uchochezi, na atakayekutwa nazo atahesabiwa pamoja na shifta. Wimbo wa kaka haukutoka ng'ambo na haukuwa na siasa hata punje. Lakini ulikuwa wa Kisomali, ulikuwa na jina lake, na askari aliyetoka mbali angejuaje barabara inayoimbwa inaelekea wapi? Kaka mwenyewe alikuwa safarini. Asubuhi ile tulipoona malori ya jeshi yakiuzunguka mtaa, mama alizibeba santuri zote ndani ya shuka lake, akapita penye uwazi wa ua, akaingia duksi. Nilikuwa nyuma yake na gramafoni kichwani, akanirudisha nikaiache, kisha nikamfuata. Gramafoni yenyewe tuliambiwa barazani si kosa.

Mama akasema, "Maalim, hizi ni amana."

Maalim akatazama dari. "Weka hapo penye loho. Mimi sijaona kitu."

Kila asubuhi, mtoto akishaijua aya yake, loho huoshwa. Maji yake humwagwa mahali pasipokanyagwa, na loho huegemezwa kwenye ukuta wa nje, juani, zikauke ziandikwe upya. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya Maalim na ndivyo ilivyo leo. Siku ile walikuwa wametoka kuosha. Maalim alichukua santuri akaziweka kila moja nyuma ya loho yake, akaziegemeza zote ukutani safu moja, kama kila siku. Hata mimi niliyejua sikuweza kuziona.

Afisa aliingia na askari wake wakapekua duksi. Walikung'uta mikeka, wakachungulia mtungi. Kisha afisa akatoka nje akaiona ile safu, akanyoosha mkono. Maalim akasimama mbele yake na kanzu yake iliyopigwa pasi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kisicho na p wala v, lakini alikisema kama anayetoa hotuba.

"Afande, hii bao ni ya Kurani. Habana shika."

"Nani ananiambia nisishike?"

"Wewe shika tu, hakuna nakataza. Lakini kwanza osha mkono, osha kinywa, osha bua, osha uso, osha mguu. Nakuletea birika? Na bia fua fiatu."

Askari mmoja akacheka, akakohoa kuficha kicheko. Afisa aliutazama ukuta, akavitazama viatu vyake vya kamba ndefu mpaka kwenye muundi. "Achana nazo," akasema.

Tungeshangilia, lakini hawakuondoka. Waliuona ukuta wa nyuma wa duksi una kivuli kizuri, wakakaa hapo. Wakachemsha chai. Jua likapanda. Maalim alikaa mlangoni akisomesha watoto, na sauti yake siku hiyo ilikuwa juu kuliko kawaida. Hakuweza kuinuka kugusa loho hata moja. Jua la Garissa mwezi wa pili mnalijua. Unaweza kuoka mkate juu ya bati. Malori yaliondoka alasiri.

Mama akaja mbio. Maalim akaivuta loho ya kwanza, na nyuma yake kulikuwa na kitu cheusi kilichojikunja kama ngozi iliyosahauliwa nje. Ya Tausi. Akavuta ya pili na ya tatu. Ya taarabu ilikuwa imelegea ikafuata ukuta. Ya kaka ilikuwa ya mwisho, na ilikuwa imekuwa bakuli.

Kila mtu mwingine duniani huificha santuri kabatini au uvunguni. Sisi tuliianika pamoja na Kurani. Maalim aliishika ile ndogo kwa mikono miwili, akaigeuza, akajaribu kuinyoosha kidogo kwa vidole, akaacha.  Mama akasema, "Umemwokoa mwanangu, Maalim. Plastiki si kitu." Alimaanisha. 

Kaka aliporudi akaambiwa, alicheka mpaka akashika mbavu. Akaiweka ile santuri kichwani kama kofia, akamimina tende ndani yake akampelekea Maalim upande wa pili. "Maalim, nilikuwa mwimbaji, sasa mimi ni bakuli. Kula." Nilimsikia Maalim akicheka pia, kicheko kifupi cha kutotaka. Kaka akatuambia atapita kwenye lile duka Nairobi alete nyingine, na baada ya hapo salamu yao ilirudi kuwa mazungumzo.

Alipita Nairobi mara mbili, na mara zote mbili mwenye duka alimwambia arudi. Safari ya tatu hakufika. Lori lake lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani, kwenye mwaka wa mwisho wa vita, na sijui nani alilifukia na nimeacha kuuliza. Maalim alimwosha kwa maji yake. Alitoka pale kanzu imelowa, akaenda moja kwa moja duksi, akasomesha.

Duka la Nairobi baadaye likafungwa. Nilikwenda mwenyewe, nikakuta wanauza matairi.

Mama alikataza wimbo ule usiimbwe nyumbani. Hakuwa mkali, alisema tu, "Bado." Tukatii, na bado ile ikawa miaka mingi. Niliolewa, nikafungua duka la vitambaa, nikazaa. Maalim macho yalipoanza kumpotea alifunga duksi akahamia Masalani kwa binti yake. Chumba chake kikageuka ghala la unga. Lile bakuli jeusi lilikuwa limerudi kwetu, likabaki limetundikwa kwenye msumari.

Kisha mama akaugua, na akiwa kitandani akaniambia neno ambalo sikulitarajia. "Mwishoni mwa ule wimbo wake ananiita. Nakumbuka ananiita, na kuna maziwa. Lakini ananiambia nini?"

Nilifungua kinywa nikijua nitamjibu, nikakuta beti mbili tu. Wa tatu haukuwepo. Nilijaribu kuuanza kwa kasi kama mtu anayeruka mfereji, nikaanguka palepale. Tulijaribu hata santuri. Nilizungusha gramafoni nikaweka bakuli lile juu yake, sindano ikapanda, ikatoa neno moja la kaka, barabara, ikateleza. Mama akaniomba niiondoe. Nikauliza majirani, madereva wazee, wauza miraa. Kila mtu alikumbuka mchanga na mkate. Hakuna aliyekumbuka maziwa. Kila siku mama aliuliza, nami nilikuwa naona siku zenyewe zinaisha.

Ndipo nikapanda gari la Masalani.

Nilimkuta Maalim ameketi kwenye jamvi, kipofu kabisa, amepaka manukato, na mbele yake sahani ya samaki. Nilisahau hata salamu. "Maalim, samaki?"

"Nani huyo?" akasema, kisha kabla sijajibu akatabasamu. "Mwanamke wa chaki. Keti. Huyu samaki amenisilimisha."

Nikamweleza ugonjwa wa mama. Nikamweleza ubeti. Niliongea haraka kwa sababu nilijua atakavyojibu: wimbo gani, gramafoni gani. Alitafuta maji kwa mkono, akanawa vidole kimoja kimoja.

"Unajua hafidhi anaihifadhije Kurani isimtoroke?" akaniuliza. "Huipitia. Asiyepitia hupoteza. Mimi kila Alhamisi nikimaliza fungu langu, nilikuwa nikipitia na kitu kingine. Mola atanihukumu kwa hicho, na mimi nitamwambia: niliivisha kwa jua langu amana ya mtu."

Nilianza kulia. Nikamwomba anisomee pale pale, niandike. Akakataa. "Kosa lilifanyika kwenye ule ukuta. Halilipwi Masalani. Mwambie binti yangu anitafutie kanzu ya kusafiria."

Njiani midomo yake ilikuwa ikitikisika. Tulifika Garissa baada ya alasiri. Nilimshika mkono nimwingize kwa mama, akakataa tena. "Mimi sijawahi kuusikia wimbo huo nikiwa ndani ya nyumba hiyo," akasema. "Nipeleke nilipokuwa." Mwenye ghala akatuondolea magunia mawili ya unga. Maalim akapapasa ukuta mpaka akapata tundu moja la panya, akaketi mgongo wima kama zamani. Mimi nikakimbia ndani, nikamwinua mama, nikamwegemeza upande wa ukuta.

Kwetu mtu hasomi maneno ya mwingine bila kwanza kumtaja mwenyewe. Ni wizi. Sauti ikaja kutoka upande wa pili, kavu, ya mtu mzee: "Maneno haya si yangu." Akataja jina la kaka, na la baba, na la babu, akapanda nao mababu mpaka pale wanapopanda wazee wetu wakitaka heshima kamili. Na mwishoni akaongeza, "Na alikuwa mwanafunzi wangu."

Akaanza. Hakuimba, alisoma. Lakini pale kaka alipovuta pumzi alivuta, na pale kaka aliposimama alisimama, mchanga na mkate, taa mbili za lori kwa mbali, mpaka nikawa sina hakika ninasikia mtu mmoja au wawili. Mama alishika shuka lake kwa mikono miwili. Kisha ubeti wa tatu:

*Mama, chombo cha maziwa ya jioni usikifunike mapema;*
*nikichelewa, ni njia iliyochelewa, si moyo.*

 Nilimtazama mama, naye alikuwa ameweka kiganja chake kwenye udongo wa ukuta, na machozi yanamtiririka, na uso wake ulikuwa uso wa siku ile sanduku lilipofunguliwa.

"Rudia, Maalim," akasema.

Upande wa pili kikaja kikohozi, kimoja, kikavu. Akarudia.